Jina la Mpiga Kinanda

Nina sanduku la bati ambalo mke wangu amelitoa nje mara mbili lichukuliwe na watu wa taka, na mara mbili nimelirudisha ndani bila maneno. Humo mna kaseti 11. Juu ya kila moja kuna mwandiko wangu wa ujanani, herufi kubwa za wino wa bluu: mwenye shughuli nani, mtaa gani, aliimba nani, mwaka gani. "Harusi, kwa Mnyamani, 1996." "Mtoto katoka jandoni, Malapa, 1997." Katika moja niliandika mpaka jina la bwana aliyetunza fedha kupita wenzake. Jina la mtu aliyekuwa akipiga kinanda sikuliandika popote, na kosa hilo ndilo lililozaa haya nitakayoyasimulia.

Msomaji ambaye hakuishi Dar es Salaam miaka ile huenda asijue ni kinanda gani ninachokisema. Si kile cha kanisani, wala si kile kikubwa cha bendi za dansi. Ni kidude cha plastiki cha Casio, cha kubebwa kwapani, kilichotengenezwa Japani kwa ajili ya wanaojifunza na wanaojiburudisha nyumbani. Wazaramo tangu zamani walikuwa na chakacha yao ya harusini. Vijana wa mjini wakauchukua mwendo wa ngoma zile, wakakaa na ngoma zao nne, wakaongeza Casio, wakakiunganisha kidude hicho na amplifaya iliyochoka na spika za honi, zile zinazofungwa juu ya gari la matangazo. Ukatokea muziki ulioitwa mchiriku. Wengi wetu tulizoea kuuita mnanda. Ulikuwa mkali, wa kukwaruza masikio, na betri za kinanda zikianza kulegea sauti nayo ililegea ikapinda, na hapo ndipo watu walipozidi kucheza. Makundi yaliyovuma ni Gari Kubwa, Tokyo Ngma na Atomic Advantage. Jagwa Music, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndio waliodumu hata wakatoa albamu kwa kampuni ya Ubelgiji mwaka 2012, ikiitwa Bongo Hotheads.

Watu wa heshima waliuona mnanda kuwa muziki wa wahuni, na redioni haukuwa na kiti. Kwa hiyo kaseti ndiyo ilikuwa redio yake. Mimi nilikuwa na kibanda cha mbao karibu na soko la Buguruni, na redio kaseti mbili nilizoziunganisha kwa waya. Usiku nilikodiwa kwenda kurekodi shughuli. Mchana nilidurufu kaseti ile ile kwa kila aliyetaka. Kaseti tupu nilizinunua Kariakoo kwa dazeni. Sikuwa tajiri, lakini kibanda kililisha nyumba, na sikumbuki hata siku moja kujiuliza kama kuna mtu mwingine aliyestahili kula humo.

Sasa tazama jinsi shughuli ilivyokwenda. Mwimbaji alijitaja mwenyewe kwanza, akamtaja mwenye shughuli, akawataja shemeji na mawifi, akawataja watunzaji mmoja mmoja, hata dereva aliyeleta spika alitajwa. Mpiga ngoma mkubwa alitajwa pale alipoachiwa nafasi ya kujionyesha. Mpiga kinanda alikaa kwenye stuli, kainama, kidude kiko mapajani, na mkono mmoja anakitegemeza kisidondoke. Yeye ndiye aliyekuwa akiyashika yale maneno yote yasimwagike. Akiacha yeye, kila kitu kilisimama. Lakini hakuna aliyemtaja, na mimi niliyekuwa na kalamu mfukoni sikumwandika.

Ninayemkumbuka zaidi alikuwa kijana mwembamba wa upande wa reli, ambaye mchana alishona viatu. Nilimjua kwa jina la utani tu. Sitaliandika hapa, mwanawe ameniomba ningoje, na sababu yake utaiona mbele. Alifariki mwaka 2009. Mwaka 2016 mwanawe alikuja kibandani kwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimeambiwa zamani ulikuwa unarekodi ngoma. Una sauti yoyote ya baba?"

Nilimkalisha kwenye benchi. Nilitafuta redio kaseti ya kuazima, maana ya kwangu ilikwisha kuoza, tukasikiliza tangu alasiri mpaka maghribi. Kila kaseti ilipoanza alinitazama usoni. Na kila kaseti nilitikisa kichwa, kwa kuwa Buguruni ya siku hizo ilikuwa na wapiga kinanda wanne au watano, wakipokezana shughuli, wakiazimana vidude, na miaka 20 baadaye sikuweza kuapa kwamba huyu ni fulani na yule ni fulani. Nilimwambia ukweli. Akasema, "Asante mzee, usijali," akaniaga kwa adabu. Ningependa zaidi angenigombeza.

Hapa nitachepuka kidogo. Mwaka 1981 kampuni ya Casio ilitoa kinanda kidogo kiitwacho MT-40. Ndani yake mlikuwa na midundo iliyokwisha kutengenezwa. Unabonyeza kitufe, kinajipigia chenyewe. Mdundo mmoja ulioitwa "rock" ulichukuliwa Jamaika mwaka 1985, na Wayne Smith akauimbia wimbo wa Under Mi Sleng Teng katika studio ya Prince Jammy. Wimbo huo uliigeuza reggae nzima ikaelekea kwenye mashine, na mdundo ule umeimbiwa tena na tena na watu wasiohesabika. Aliyeutunga alikuwa msichana aliyetoka chuoni karibuni, Hiroko Okuda, mwajiriwa mpya wa kampuni. Kwa miaka mingi waliocheza mdundo wake hawakumjua. Niliposoma habari hiyo nilifunga kibanda mapema siku hiyo.

Turudi Buguruni. Wakati kijana yule anakuja, biashara yangu ilikuwa imegeuka. Kaseti zilikufa, CD nazo zikafa, nikabaki na kompyuta moja ya kuwaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Na kilichoingizwa zaidi ni singeli. Muziki huu ni mjukuu wa mnanda. Ulilelewa Manzese, Tandale na mitaa ya jirani katika vigodoro, zile sherehe za mkesha za uswahilini, pale madijei walipokata vipande vya taarabu visivyo na maneno, wakavizungusha na kuviongeza kasi, na mwimbaji akaingia juu yake. Kasi ikapanda mpaka mapigo 200 kwa dakika, ikavuka, wengine wakafika 300. Msaga Sumu alijulikana kwanza; baadaye Man Fongo na Sholo Mwamba. EFM ilipofunguliwa mwaka 2014 iliupa singeli nafasi ambayo mnanda haukuipata, na ghafla watoto wa watu wazito nao wakaanza kuucheza.

Umeona nilivyofanya? Nimetaja waimbaji watatu na redio moja. Ndivyo sote tulivyoijua singeli. Katika kompyuta yangu nyimbo zilikuwa na majina kama "SINGELI KALI MPYA 7" au jina la mwimbaji peke yake, na kama aliyetengeneza biti aliwahi kuandikwa, jina lilikatwa njiani katika kurushwa kutoka simu hadi simu.

Mwaka 2018 utingo mmoja wa malori ya Uganda aliniletea flashi yenye albamu iitwayo Sounds of Sisso. Ilikuwa imetolewa mwaka uliotangulia na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Niliifungua nikijua nitasikia mambo ya Kampala. Nikasikia Kiswahili cha mtaani kwetu. Kisha nikasikia biti ambazo nilikuwa nikiwaingizia makonda kwa miaka miwili au mitatu, zile zile, ila sasa zina mwenyewe. Sisso, jina la serikali Mohamed Hamza Ally, studio yake ilikuwa Mburahati. Kutoka kibandani kwangu unavuka bonde la Msimbazi, unapita Kigogo, umefika. Nimeuza jasho la mtu ambaye ningeweza kumfuata kwa miguu asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri, na jina lake limenifikia kupitia Kampala, kwenye kabati la lori.

Ndipo nilipoanza kutengeneza miksi. Sijioni kuwa dijei. Nilianza kwa sababu ya benchi lile na yule kijana wa 2016. Niliazimia kwamba mara hii jina litatangulia. Nilikaa usiku nikipekua maelfu ya nyimbo kwenye kompyuta, nikilinganisha na zile za albamu, nikitafuta mkono mmoja. Na mkono unajulikana. Watu husema singeli ni kasi tu, na wakimsikia Sisso husema huyu ndiye amezidisha. Mimi nasikia kitu kingine. Chini kule ngoma zinakimbia kama mtu anayefukuzwa, lakini juu yake anaweka sauti nyembamba ya kinanda, noti tatu au nne, anairudia bila haraka yoyote, mpaka sikio linaiacha ngoma na kuishika hiyo. Ukiipunguza kasi, na mimi nimefanya hivyo usiku mwingi, unakutana na mnanda. Unakutana na mtu aliyekaa kwenye stuli na kidude mapajani. Sijui kama mwenyewe angekubaliana nami. Ni sikio langu ndilo linasema.

Miksi ya kwanza ilikuwa ya dakika 45, kiasi cha safari ya Buguruni hadi Gongo la Mboto kama Tazara hakuna foleni kubwa. Niliipanga hivyo makusudi, kwa kuwa wasikilizaji wangu ni wa daladala. Nilianza na biti za polepole, nikimaanisha polepole ya singeli, nikaweka zile zisizo na mwimbaji mbele ili mtu azoee kusikia kilicho chini. Waimbaji nikawaingiza baadaye. Mahali palipokuwa na kipande cha taarabu nilitanguliza taarabu yenyewe kwa nusu dakika, msikilizaji ajue kimetoka wapi. Na kati ya kila nyimbo tatu nilisema kwa sauti yangu, kwenye maiki ya simu: "Biti hiyo ni ya Sisso, studio ya Mburahati."

Konda wa kwanza niliyempa alirudi jioni ile ile.

"Mzee, miksi nzuri, lakini mbona mtu haimbi?"

"Ataimba mbele. Sikiliza biti kwanza."

"Abiria hawasikilizi biti, mzee. Na hiyo sauti yako inayosema Mburahati Mburahati, wanadhani tunabadilisha njia."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini hakuitupa. Wiki ya pili akasema kuna abiria ameuliza huyo Sisso ni nani.

Kosa langu la pili, maana la kwanza nimekwisha kulikiri, lilikuwa katika miksi ile ile. Kijana mmoja wa kuchaji simu jirani yangu, mpenzi wa singeli kuliko mimi, aliisikiliza yote akaniuliza kwa nini nimesema biti fulani ni ya Sisso ilhali ni ya Bamba Pana. Nikamjibu imetoka studio ya Sisso. Akasema, "Mzee, studio ya Sisso ni nyumba. Ndani mna watu." Na alisema kweli. Mle walikuwamo Bamba Pana na Jay Mitta, kila mmoja na mkono wake. Bamba Pana alitoa Poaa mwaka 2018, na Makaveli akiimba humo; Jay Mitta akatoa Tatizo Pesa mwaka 2019, na Sisso mwenyewe Mateso mwaka huo huo. Duke wa Pamoja Records naye alitoa Uingizaji Hewa mwaka 2019. Mimi niliyekuwa nikijigamba moyoni kwamba nafichua jina lililozikwa, nilikuwa nimemzika mwingine chini yake. Nilirekodi upya miksi nzima. Ilinichukua siku nne, na biti sita nilizoshindwa kuzijua mwenyewe nilizitoa, ingawa mbili kati ya hizo ndizo zilizokuwa tamu kupita zote.

Nyingine nilizotengeneza baadaye nitazipita haraka. Ya pili ilikuwa ya Bamba Pana peke yake, ya tatu ya Jay Mitta, ya nne nilimrudia Sisso kwa sababu ya Mateso. Mwaka 2024 aliposhirikiana na Maiko kutoa Singeli Ya Maajabu nilitengeneza ya tano, nayo ndiyo fupi kuliko zote, kwa kuwa sikuona cha kupanga. Wao wenyewe walikuwa wamekwisha kupanga.

Jambo linalonisumbua zaidi ni fedha. Kuingiza nyimbo nilitoza, kama kila mwenye kibanda. Miksi za Sisso nikaamua kutoa bure, nikaona nimetakasika. Yule kijana wa kuchaji simu, ambaye naona Mungu alimweka pale kwa ajili yangu, alinisikia nikimwambia mteja kwamba hii ni bure, akanigeukia. "Bure yako haimsaidii Sisso, mzee. Inakusaidia wewe kulala." Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki imekuwapo tangu mwaka 1999, na COSOTA ipo, kibandani kwangu habari hizo zilikuwa kama habari za theluji. Niliwahi kwenda mpaka Mburahati na bahasha mfukoni. Nilishuka, nikauliza njia, nikaelekezwa vizuri kabisa. Nikasimama kwa mbali nikisikia ngoma zinapita ukutani. Nikahesabu kilichokuwa ndani ya bahasha, nikakigawanya kichwani kwa nyimbo nilizoziuza tangu mwaka 2015 au hapo karibu, nikaona aibu ya kuipeleka ni kubwa kuliko ya kurudi nayo. Nilirudi nayo. Sijui kama leo ningefanya tofauti. Pengine ningeingia na kusema jina langu tu.

Watayarishaji hawa wamepanda majukwaa ya Ulaya. Watu wazima wenye vitabu huandika habari zao kwa Kiingereza na Kijerumani. Mwaka 2022 DJ Travella alitoa Mr Mixondo, na huko mbali wakampokea kama mtu aliyevumbua dunia mpya. Nyumbani bado ukiwauliza abiria kumi wa Gongo la Mboto wataje mwimbaji wa singeli, wote watakutajia. Waulize aliyetengeneza biti, utatazamwa kama mtu anayeuliza aliyefua sare za Simba. Silaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa na kalamu.

Mwaka 2023, baada ya Idi, yule kijana alirudi. Alikuwa ameisikia miksi ndani ya daladala, akaitambua sauti yangu ikitaja majina. Safari hii hakuja mikono mitupu. Alifungua mfuko wa nailoni akatoa Casio, plastiki imegeuka njano, kifuniko cha betri hakipo, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mama yake alikuwa amekihifadhi uvunguni mwa kitanda tangu msiba.

Tulikitia betri mpya. Kikalia. Nilibonyeza vitufe kimoja kimoja tangu kushoto, na nilipofika katikati kimoja hakikutoa sauti. Nikarudia. Kimya.

"Hicho mama anasema hakikuwahi kulia," alisema. "Baba alikinunua hivyo hivyo, ndiyo maana alipunguziwa bei."

Sikumjibu. Nililivuta sanduku. Redio kaseti sasa ninayo yangu, niliinunua Kariakoo kwa fundi wa vitu vya zamani. Tuliweka ile ya kwa Mnyamani, 1996, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisikiliza kilichokosekana. Kinanda kinapanda, kinapanda, kinafika mahali, pengo. Ngoma inaliziba pengo. Kinanda kinaendelea juu yake. Kinarudi tena, pengo pale pale. Kwa miaka yote nilidhani ndio mtindo wa wimbo. Kijana alikuwa ameweka kidole juu ya kile kitufe kibovu, anakibonyeza kila pengo linapopita, bila sauti.

Katika kaseti 11, pengo lipo katika tatu. Nilishaanza kutafuta kalamu. Ndipo aliponishika mkono.

"Lakini mzee, si ulisema walikuwa wanaazimana?"

Nilisema. Na ni kweli walikuwa wakiazimana. Kinanda ni chake; mkono huenda ni wa mwingine. Tumekubaliana kumtafuta mpiga ngoma mmoja wa kundi lile ambaye tumesikia yu hai, alihamia Mbagala, ingawa wanasema masikio yake sasa ni mazito. Hadi hapo nimeandika jina kwa penseli kwenye zile tatu, chini ya jina la mwimbaji, na pembeni yake alama ya kuuliza.